Vipimo vya mabehewa kabla ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi, nawasalimu. Kabla hatujakutana Jumamosi hapa Tanga, naomba kila anayeunda mfano wa behewa la mizigo la reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia mjini kwetu mwaka 1893, apime upya umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Njia halisi ya reli hiyo ina upana, yaani umbali kati ya reli zake mbili, wa milimita 1,000. Kwa hiyo katika kipimo cha 1:87, yaani mfano ulio mdogo mara 87 kuliko kitu halisi, unakuwa takriban milimita 11.5, wala si 16.5 ya mifano ya njia pana za Ulaya. Behewa langu la marobota ya katani nililifumua lote kwa kosa hilo, na iliniuma. Picha za zamani njooni nazo, hata zilizofifia: kipenyo cha gurudumu kikijulikana, urefu wa mlango hukadirika kwa kulinganisha viwili hivyo pichani.