Shali ile haijamtaja muuaji wa Whitechapel

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu muuaji anayeitwa Jack the Ripper, aliyeua wanawake mtaa wa Whitechapel, London, mwaka 1888, imetangaza kuwa kesi imekwisha: vinasaba vilivyokutwa kwenye shali vimemtaja Aaron Kosminski, kinyozi wa Kiyahudi kutoka Poland. Kesi haijaisha, na shali yenyewe ndiyo tatizo la kwanza.

Inadaiwa ilikuwa ya Catherine Eddowes, aliyeuawa Mitre Square usiku wa kuamkia 30 Septemba 1888, na kwamba polisi aitwaye Amos Simpson aliichukua ampelekee mkewe. Simpson alikuwa wa Polisi wa Metropolitan, wanaolinda sehemu kubwa ya London, ilhali Mitre Square iko ndani ya "City of London", eneo dogo la katikati lenye jeshi lake la polisi. Zaidi ya hapo, mali ya marehemu iliorodheshwa kimoja kimoja: vitambaa vyeupe 12, vipande 6 vya sabuni, viko 2 vya udongo, kikopo cha chai, kikopo cha sukari, hata kikopo kitupu cha kibiriti. Shali haimo. Aliyekaa akahesabu vipande vya sabuni hawezi kupitiwa na shali nzima.

Tuseme basi ni yake. Kilichopimwa ni vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto hurithi kwa mama peke yake na ambavyo maelfu ya watu wasiojuana huwa navyo sawasawa. Vinaweza kumwondoa mtu kwenye orodha ya washukiwa. Kumtaja mmoja haviwezi. Mwaka 2014 ilidaiwa kuwa alama moja adimu, 314.1C, inaiunganisha shali na ukoo wa Eddowes. Wataalamu wakabaini kuwa iliandikwa vibaya: ni 315.1C, ambayo zaidi ya 99 kati ya kila watu 100 wenye asili ya Ulaya wanayo. Ripoti ya kitaalamu iliyofuata mwaka 2019 ilionyesha matokeo kwa visanduku vya rangi badala ya mpangilio wenyewe wa vinasaba, kwa hiyo mtaalamu mwingine hana cha kukagua. Na kitambaa hicho kimepita mikononi mwa watu kwa miaka mingi bila kinga yoyote.

Jina la Kosminski lilitoka wapi? Katika waraka wa ofisa mkubwa wa polisi, Melville Macnaghten, wa Februari 1894, unaotaja washukiwa watatu. Macnaghten aliingia Scotland Yard, makao makuu ya Polisi wa Metropolitan, mwaka 1889, mauaji matano anayohesabiwa muuaji huyu yakiwa yameshapita. Alimwita Montague Druitt daktari wa miaka kama 41. Druitt alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31. Wa tatu, Michael Ostrog, imekuja kugundulika alikuwa gerezani Ufaransa wakati huo. Kosminski ametajwa kwa jina la ukoo tu. "Aaron" ni kazi ya watafiti wa baadaye. Waraka huohuo ndio ulioshikilia kuwa waliouawa ni watano tu, ilhali jalada la polisi lina mauaji 11, kuanzia Aprili 1888 hadi Februari 1891.

Wapo pia wanaodai muuaji alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria, au daktari wa Malkia, William Gull. Habari hiyo haihitaji maneno mengi: Prince Albert Victor alikuwa Scotland tarehe 30 Septemba. Gull alikuwa na miaka 71 na alishapata kiharusi mwaka 1887. Kwamba muuaji lazima awe daktari, madaktari wenyewe hawakukubaliana. George Bagster Phillips aliona dalili za ujuzi kwenye mwili wa Annie Chapman. Thomas Bond akaandika tarehe 10 Novemba 1888 kuwa muuaji hakuwa na ujuzi hata wa mchinja nyama.

Hata jina "Jack the Ripper" limetokana na barua ya tarehe 25 Septemba 1888 iliyopelekwa kwa wakala wa habari wa Central News. Maofisa wakubwa wa polisi waliamini iliandikwa na mwandishi wa habari. Ndugu zetu wa kalamu hawakuanza leo.

Naomba kichwa cha makala kisahihishwe. Mchoro nao ubadilishwe, ule wa bwana mwenye kofia ndefu nyeusi. Joseph Lawende, ambaye huenda alimwona Eddowes na mwanamume dakika chache kabla ya kifo chake, alieleza mtu mwenye kofia ya chepeo na kitambaa chekundu shingoni, mwenye sura ya baharia.

Msomaji wenu,
Tanga