Reli za Marekani: tuache kuhesabu mwendo peke yake

Ndugu Mhariri,

Tangu Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, ianze kuendesha treni mpya za kasi za Acela kati ya Washington na Boston mwezi Agosti 2025, mazungumzo kuhusu usafiri wa reli Marekani yamekuwa ya mwendo tu. Watu wanataja kilomita 257 kwa saa, kisha wanauliza lini Texas na Ohio nako kutafika huko. Naomba nafasi niseme kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Kabla ya mwendo kuna mawili ya kuuliza: njia ni ya nani, na treni zinaondoka mara ngapi kwa siku.

Tuanze na hesabu. Kipande cha kilomita 16 ambacho treni inakwenda 48 kwa saa kinakula dakika 20. Kikarabatiwe hadi 97 kwa saa, umeokoa dakika 10. Sasa chukua kipande kingine cha urefu uleule ambacho treni tayari inakwenda 127, ukipandishe hadi 177: umeokoa dakika mbili na ushee. Na kazi hii ya pili ndiyo inayokula fedha nyingi. Baada ya ajali ya Naperville, Illinois, mwaka 1946, wasimamizi wa reli waliamua kwamba treni isipite kilomita 127 kwa saa bila mfumo unaomwonyesha dereva ishara ndani ya chumba chake, au unaoisimamisha treni yenyewe. Juu ya hapo lazima reli inyooshwe kwa kipimo kikali zaidi, mataruma yabadilishwe, na kwa kawaida vizuizi vya pale barabara inapokatiza reli vifungwe pande zote nne ili gari lisipenye katikati.

Chicago hadi St. Louis ni mfano mzuri. Ni kilomita kama 457, zilitumika karibu dola bilioni 2, na tangu Juni 2023 treni zinakimbia 177. Safari imepungua kama nusu saa ukilinganisha na enzi za 127, na bado inakaribia saa tano. Kazi yenyewe ni nzuri, reli ile sasa ni imara na salama zaidi. Lakini treni za Lincoln Service, ndizo za njia hiyo, zilibaki nne kwa siku kila upande, vilevile kama zamani.

Hata Acela yenyewe inabanwa na vitu vya kale. Pale Baltimore inapita handaki la mwaka 1873 kwa kilomita 48 kwa saa. New Jersey kuna daraja la Portal, la mwaka 1910, ambalo kwa zaidi ya karne limekuwa likizungushwa kupisha vyombo vya mtoni. Likirudi, mara nyingine reli hazikai mahali pake. Mafundi wanashuka na nyundo nzito kuzigonga mpaka ziingie, huku treni za kuingia na kutoka New York zikisubiri. Daraja jipya lililobuniwa kulirithi liko mita 15 hivi juu ya maji na halifunguki kabisa. Kwa msafiri, hilo lina thamani kuliko kilomita 16 kwa saa zilizoongezwa kwenye kasi ya juu ya Acela.

Nje ya ukanda huo wa Washington na Boston, tatizo ni la mwenye mali. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi amezoea SGR, ambako njia ni ya umma. Marekani, takribani asilimia 70 ya mwendo wote wa treni za Amtrak unafanyika juu ya reli za watu wengine, hasa kampuni za mizigo. Anayeongoza treni, yaani anayeamua nani apite na nani asubiri, ameajiriwa na mwenye reli. Sheria ya tangu 1973 inasema treni ya Amtrak itangulie mbele ya treni ya mizigo. Ila Amtrak haiwezi kwenda mahakamani kuidai haki hiyo. Ni Mwanasheria Mkuu wa serikali kuu peke yake. Kesi za namna hiyo zimefunguliwa mbili: mwaka 1979 dhidi ya Southern Pacific, na mwaka 2024 dhidi ya Norfolk Southern, zote kampuni za mizigo. Katika kesi ya pili, Wizara ya Sheria ilieleza kwamba mwaka 2023 ni asilimia 24 tu ya treni za Crescent (za Amtrak, kati ya New York na New Orleans) za kwenda kusini zilizofika kwa wakati kwenye njia za kampuni hiyo.

Si ukaidi mtupu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Sehemu kubwa ya mtandao ni njia moja, yenye vipande vya kupishania kila baada ya kilomita kadhaa. Vingi vilijengwa zama ambazo treni ya mizigo ilikuwa fupi. Leo kampuni zinaunganisha treni zinazozidi kilomita 3 ili kupunguza wafanyakazi. Treni ya namna hiyo haiingii kwenye kipishio, kwa hiyo anayeingia ni abiria, sheria iseme isemavyo. Dawa yake ni kurefusha vipishio au kukataza treni ndefu kuliko vipishio vya njia husika. Hotuba haisaidii hapo.

Kati ya Chicago na Carbondale, kusini mwa Illinois, kuna kikwazo kingine ambacho hakionekani kwenye ratiba. Ishara za reli hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kwenye reli zenyewe. Magurudumu na ekseli zikikanyaga, umeme unakatiza kutoka reli moja kwenda ya pili na mfumo unajua treni ipo. Reli ikishika kutu, au treni ikiwa nyepesi, mguso unakuwa hafifu: treni inapotea kwenye mfumo, na vizuizi vya barabarani vinaweza kuchelewa kushuka. Canadian National, kampuni ya mizigo yenye njia ile, waliweka sharti la ekseli 32. Kichwa kimoja na mabehewa saba, kila kimoja ekseli nne, ndiyo 32. Basi treni imekuwa ikivuta mabehewa saba hata siku ambayo abiria wangeenea kwenye manne, na gharama ikienda kwa jimbo la Illinois, kwa sababu sheria ya mwaka 2008 iliyatwisha majimbo mzigo wa safari zisizozidi kilomita 1,200 hivi.

Virginia wameelewa mchezo. Mwaka 2019 walitangaza makubaliano na kampuni ya mizigo ya CSX ya dola bilioni 3.7: kununua sehemu ya eneo la njia, kuongeza reli, na kujenga daraja la pili juu ya mto Potomac, ambako treni za mizigo, za Amtrak na za wafanyakazi wa kila siku zote hubanana kwenye reli mbili. Ujenzi wa daraja ulianza 2024. Jimbo likishakuwa na reli yake, kuongeza safari ni suala la mabehewa na madereva, si la kumwomba mtu ruhusa.

Na safari nyingi ndizo zinazomtoa mtu kwenye gari lake. Cleveland ina stesheni na treni, lakini zinapita usiku wa manane. Cincinnati inapata treni siku tatu tu kwa wiki. Nani atapanga kikao au matibabu kwa ratiba hiyo?

Columbus, Ohio, ambako wapo pia wanaozungumza Kiswahili, haijaona treni ya abiria ya masafa tangu 1979. Mwaka 2010 gavana mteule alikataa dola milioni 400 za serikali kuu. Sasa njia ya Cleveland, Columbus, Dayton na Cincinnati ni miongoni mwa 69 zilizochaguliwa na serikali kuu Desemba 2023 kwa ajili ya upembuzi. Hatua ya kwanza ni hadi dola 500,000 za kuandaa wigo wa kazi. Ya pili ni mpango wa huduma, jimbo likichangia asilimia 10. Ya tatu ni usanifu wa awali na tathmini ya mazingira, mchango asilimia 20. Ujenzi unakuja baadaye, na sheria ya 2021 iliyotoa dola bilioni 66 kwa reli inafikia ukomo Septemba 2026.

Mpango wa hatua ya pili ukitoka, wananchi wa Ohio wasifungue kwanza ukurasa wa mwendo. Watafute mahali palipoandikwa vipishio vina urefu gani, nani ataongoza treni, na treni ya kwanza asubuhi inaondoka saa ngapi.

Msomaji wenu