Robo ya nini?

Mwanangu mpendwa,

Nimeliona swali lililokutoa jasho. Nalinakili hapa tulisome tena: "Mtu alitumia theluthi moja ya fedha zake kununua vitabu, kisha robo ya zilizobaki akalipa nauli. Akabakiwa na 600. Alikuwa na kiasi gani mwanzoni?"

Wewe ulijumlisha 1/3 na 1/4 ukapata 7/12, ukasema zimebaki 5/12, ukaandika 1,440. Kujumlisha kwenyewe hukukosea. Asili, yaani namba za chini za sehemu, umezisawazisha vizuri. Tena 600 inagawanyika kwa 5 bila baki, jibu likatoka safi kabisa, na hapo ndipo maswali haya yanapowanasa wengi. Neno lililokuponyoka ni "zilizobaki". Swali lingesema robo ya fedha zote, 1,440 ingekuwa sawa na nisingekuandikia.

Kwa hiyo kila ukikutana na sehemu, usiiguse kabla hujajiuliza: ya nini? Theluthi ni ya fedha zote. Robo ni ya kile kilichosalia baada ya vitabu, yaani robo ya 2/3, ambayo ni 1/6. Chini ya kila sehemu andika kwa penseli "ya zote" au "ya baki". Utaona ni kazi ya kitoto, lakini fanya.

Kisha chora. Mstatili mmoja mrefu uwe fedha zote, ugawe vipande vitatu sawa. Kimoja kifute, hicho ni vitabu. Vimebaki viwili, na robo ya vipande viwili ni nusu kipande. Ifute pia, hiyo ni nauli. Sasa una kipande kimoja na nusu, navyo vina thamani ya 600. Basi kipande kimoja ni 400, na vyote vitatu ni 1,200. Mimi naupenda mchoro kuliko kanuni, maana mchoro haukuruhusu kusahau kitu kimekatwa kutoka wapi.

Iko njia nyingine, kongwe mno. Kisia namba inayogawanyika kirahisi, tuseme 12. Vitabu 4, zinabaki 8. Nauli 2, zinabaki 6. Lakini tulitaka 600, ambayo ni 6 mara 100, kwa hiyo mwanzo ni 12 mara 100. Wamisri wa kale walikuwa wakikokotoa hivi. Katika mafunjo ya Rhind, hati yao ya kale ya hesabu, aliyoyanakili mwandishi Ahmes yapata mwaka 1550 KK, kuna swali la kiasi ambacho kikijumlishwa na sehemu yake ya saba hufika 19. Alianza kwa kukisia 7, akapata 8, kisha akakuza kisio lake mpaka likafika 19.

Ila njia hiyo ina mpaka wake. Swali likichanganya sehemu na kiasi kamili, kwa mfano "alitumia theluthi, halafu 100, akabaki na 500", kukuza tu hakutakufikisha. Hapo rudi kinyumenyume: 500 na 100 ni 600, hiyo ni 2/3 ya fedha zote, basi zote ni 900.

Kuhakiki ni lazima, hata muda ukiwa mfupi. Chukua 1,440 yako uitumie kama swali linavyosema: vitabu 480, zinabaki 960, nauli 240, zinabaki 720. Swali linasema 600. Dakika moja tu ingekuonyesha hilo. Na kabla ya kufunga daftari, soma tena sentensi ya mwisho ya swali, kwani mara nyingine wanataka nauli peke yake, si fedha za mwanzo.

Haya, fanya na hili: mtu alitumia 2/5 ya fedha zake, kisha 1/3 ya zilizobaki, kisha 50, akabakiwa na 150. Nitumie jibu pamoja na mchoro na uhakiki. Jibu tupu silipokei.

Mama yako