Risala ya wakata miti wa Jinja kwa mgeni rasmi: leo hatuombi mashine, tunaomba kamba

Mheshimiwa mgeni rasmi, afisa wetu wa misitu wa jiji, mwenyekiti wa baraza letu la mtaa (LC1), afande na vijana wako, mashehe na wachungaji, mama zetu mlioanza kupika toka alfajiri, wanakikundi wenzangu, itifaki imezingatiwa na kama kuna mkubwa nimemruka anisamehe tu, karatasi yenyewe ni ndogo.

Karibu sana Jinja mheshimiwa. Sisi ndo wale watu unaotuona juu ya miti ya watu na kamba kiunoni. Wengine wanatuita wapasua mbao, wengine watu wa kuni, wengine "yule wa pawa soo", yani msumeno wa mashine, tunaitikia yote. Ila kazi yetu hasa ni kupogoa na kushusha miti pale ambapo huwezi kuuangusha tu ukaanguka, yani juu ya bati la mtu, juu ya ukuta wa jirani, juu ya waya wa stima, juu ya makaburi ya familia. Mti wa shambani unaukata chini unakaa mbali. Mti wa mjini unaupanda, unaushusha kipande kwa kipande, na mwenye nyumba amesimama hapo chini anauliza mbona mnachelewa, nyie si mlisema ni kazi ya asubuhi?

Tunajua hapo ulipo unangojea sehemu ya maombi na pengine ushajiandaa kusikia pawa soo. Kila mkubwa akitembelea mafundi analeta mashine, picha inapigwa, watu wanapiga makofi, na sisi tunashukuru kabisa. Lakini mashine tunazo, si mpya ila zinanguruma, na shida zake tunazimudu wenyewe. Tunajua petroli inachanganywa na oili ya tu-stroki, mililita 20 kwa kila lita kama oili ni nzuri, ukibania oili pistoni inakwaruzika na hapo umenunua chuma chakavu. Tunajua kunoa cheni kwa tupa ya mviringo, jino kwa jino, kulia kote kwanza halafu kushoto, maana upande mmoja ukizidi msumeno unakata kwa kupinda. Cheni kali inatoa vipande, cheni butu inatoa unga na moshi na inakuchosha mikono, na mtu aliyechoka juu ya mti ndo anayegusisha ncha ya ba, ule upanga unaobeba cheni, kwenye tawi lingine, mashine inaruka kumrudia usoni kabla hata hajajua kumetokea nini.

Kinachotuumiza kwenye cheni ni misumari. Miti ya barabarani imejaa misumari ya mabango, ya mganga, ya nyumba ya kupanga, na hasa ya wagombea, uchaguzi unapita bango linaoza msumari unabaki na mti unaumeza, miaka inapita hauonekani tena, sisi ndo tunaukuta kwa cheni. Mheshimiwa ukikutana na wenzako wa siasa waambie watumie gundi au kamba, tutawashukuru vyama vyote bila ubaguzi. Mvule nao una mambo yake, ndani unaweza kukuta jiwe kabisa, chokaa iliyogandia humo mbaoni, na unga wake unawasha ngozi na kifua, bila kitambaa puani utakohoa usiku mzima. Mfenesi ni utomvu, unagandisha kila kitu, huo tunaumaliza kwa mafuta ya taa na mambo yanaisha.

Sasa kamba.

Kamba nyingi mnazotuona nazo ni zile za plastiki za sokoni, za kufungia mizigo kwenye lori. Mzigo wa maindi hauna mke na watoto. Kamba ile jua linaikausha na kuila taratibu, ikisuguana na tawi inapata moto na kuyeyuka, na haikuambii kwamba imechoka, inakatika tu. Kamba ya kupandia yenyewe, ya milimita 11 hadi 13, iliyosukwa kwa ajili ya kubeba mtu, inashika zaidi ya tani 2 kabla ya kukatika, na dukani kwetu haipo, inaagizwa toka nje, na ukishaambiwa bei pamoja na usafiri na ushuru unarudi nyumbani kimya.

Tuliyo nayo tunaichunga hivi. Asubuhi kabla ya kazi mtu mmoja anaipitisha yote mikononi, futi kwa futi, anaangalia pembeni maana hapo vidole vinajua kuliko macho. Akifika mahali palipolegea kwa ndani, au pamekuwa pagumu panang'aa kwa sababu pameungua, anasimama. Kamba inakatwa kwa panga palepale mbele ya wote, hata kama jana ilikuwa nzima, kusudi asije mtu akaionea huruma kesho akairudisha juu. Vipande vinaenda kufungia mbuzi. Kwa utaratibu huo kamba zetu zinazidi kuwa fupi na miti ya Jinja haipungui urefu.

Na kamba ya kushushia matawi haitakiwi kuwa ileile ya kupandia. Tawi la mwembe la kilo 200 likidondoka mita moja kabla kamba haijalidaka, nguvu inayofika kwenye fundo si kilo 200 tena, ni mara kadhaa ya hizo, kamba inavutika ndani mahali usipoona. Kijana wa chini naye anaizungusha kwenye shina mara mbili tatu ndo anaiachia polepole, marufuku kuizungusha mkononi, tawi litaondoka na vidole. Haya tumejifunza kwa kuonana, hakuna aliyepita darasani, na ndo maana tunaomba pia mwalimu.

Hanesi, yani mikanda ya kumshika mtu kiunoni na mapajani, ni hadithi hiyohiyo. Wengi wetu tunapanda na kamba kiunoni na miguu mitupu. Mtu anayetumia pawa soo juu ya mti anatakiwa ajifunge sehemu mbili, mojawapo iwe na waya ndani ambao cheni haiukati haraka, kusudi akikosea akakata moja abaki na nyingine. Sisi tunajifunga moja na tunamwomba Mungu awe ya pili. Suruali ya nyuzi zinazokwamisha cheni wengi tumeiona kwa simu tu.

Stima nayo. Laini za volti 11,000 na 33,000 zinapita katikati ya matawi, na kwa volti hizo huhitaji kushika waya, tawi bichi likikaribia tu inatosha. Tumejiwekea mita 3, chini ya hapo hatugusi mpaka wazime, na wateja wanakasirika wanasema kungoja kuzimiwa ni kupoteza siku, wanamtafuta mwingine asiyeuliza maswali. Huyo asiyeuliza ndo anafanya bei yetu ionekane kubwa. Tangu mwaka 2025 usambazaji wa stima uko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali, tungeomba kupitia ofisi yako tupate njia moja inayojulikana ya kuomba kuzimiwa laini, tuwape tarehe, watupe saa.

Nyuki, siafu na kaloli, wale ndege wakubwa wa majalalani, sitawachosha navyo. Ila aliyewahi kupanda mti wenye viota vya kaloli kule Kampala anajua kwa nini tunaomba sabuni.

Niseme kidogo kuhusu wateja, nao wako hapa leo. Mnapenda mti ukatwe kichwa wote ubaki kipara, mnasema ndo mmepata thamani ya pesa. Mti uliokatwa kichwa unatoa machipukizi mengi kwa hasira, yanarefuka haraka na yameshikilia juujuu tu kwenye kidonda, baada ya miaka michache ndo hayo yanayowaangukia wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Tawi linakatwa kwa hatua tatu, kwanza chini kidogo lisichane gome, halafu juu mbele kidogo liondoke na uzito wake, mwisho pale linapovimba kuingia shinani, bila kuukata huo uvimbe na bila kuacha kisiki. Kuna Mmarekani anaitwa Alex Shigo alipasua miti mingi sana kwa pawa soo toka juu hadi chini kutazama vidonda vinavyofanya ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi, unajenga ukuta kuzunguka kidonda, na kupaka rangi hakuusaidii. Kwa hiyo ile rangi ya mafuta mnayotuletea bakini nayo mpake geti. Na mama yetu anayesema "chukueni kuni ziwe malipo", tunakupenda mama, lakini dukani kamba hainunuliwi kwa kuni.

Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mwajiri wetu ni nani, yule mama mwenye mwembe wa asubuhi moja? Hatuwezi kumdai hanesi. Lakini jiji tunaweza kuliomba, kwa sababu miti ya barabarani ni ya jiji na mvua zikikaribia sisi ndo tunaitwa.

Kwa hiyo mheshimiwa ombi letu ni hili. Kazi za kupogoa miti ya barabarani zikitangazwa, bei iwe na sehemu yake ya kamba na hanesi, iandikwe kabisa kwenye makaratasi, na atakayeshusha bei kwa kuiondoa sehemu hiyo asipewe kazi hata kama ni sisi. Tupewe mwalimu wa wiki moja, chuo cha misitu cha Nyabyeya kipo hapahapa nchini, kule Masindi. Na kama tayari umekuja na pawa soo kwenye gari tutaipokea kwa furaha, hatuna kiburi, ila na kamba ije nyuma yake.

Baada ya chakula vijana watapanda ule mjakaranda wa nyuma ya ukumbi washushe tawi lililokauka linaloelekea kwenye choo. Tunaomba wote msimame nje ya ile kamba nyekundu, na wewe mheshimiwa pia, helmeti yako iko mezani.

Ni sisi wanakikundi,
imesomwa na katibu.