Jumamosi: tunakwenda kulisoma pori

Ndugu, habari za jioni. Jumamosi hatubebi bunduki. Msimu wa dubu mweusi hapa Montana unafunguliwa Aprili 15, na upande ule wa msitu wa Lolo hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga, kwa hiyo tukaujue kwanza.

Tunaondoka Missoula saa nane mchana. Nane ya Kiswahili, si ya kwenye simu! Mwaka jana kuna mtu alinigongea asubuhi.

Nimepitia ramani. Tuanze na miteremko inayotazama kusini: jua huipiga mapema, theluji inayeyuka, majani yanachipua, na dubu aliyetoka kulala na njaa hula nyasi kama ng'ombe. Tupite pia barabara za zamani za magogo zilizofungwa kwa geti. Ukiona kinyesi cha kijani kimejaa nyasi, bado kinang'aa kwa unyevu, usizunguke. Kaa chini, toa darubini, nyamaza hadi jua lizame.

Grizzly, wale dubu wakubwa wa kahawia, nao wapo, na wanalindwa na sheria. Rangi isikudanganye, maana dubu weusi wengine ni kahawia. Tazama nundu mabegani na kucha ndefu: huyo ni grizzly. Ambao hamjafanya mtihani wa kutambua dubu, hamtauziwa leseni. Ufanyeni wiki hii. Na jike mwenye watoto hapigwi, hata msimu ukifunguliwa.

Dawa ya pilipili ya kupuliza ikae kiunoni, si ndani ya begi. Chai na chapati ni juu yangu. Anayekuja aseme kabla ya Alhamisi, gari lina nafasi tano tu.