Bushi Zilizokatika Baada ya Wiki Sita: Maelezo kwa Wenye Pikapu za Zamani

Mwezi uliopita mzee mmoja anayebeba viazi kutoka Mau Narok hadi hapa Nakuru aliingia dukani kwetu, akafungua gazeti alilokuwa amelikunja kwa uangalifu, na kutuwekea kaunta bushi nne za mikono ya mbele, yaani raba zenye ganda la chuma zinazokaa pale mikono inayoshika magurudumu inapofungwa kwenye chesisi, ambazo tulikuwa tumemuuzia wiki sita kabla. Raba ilikuwa imekatika katika zote nne. “Kijana wangu,” alisema, “umeniuzia raba ya ndala kwa bei ya spea halisi.” Kilichotuumiza zaidi ni kwamba kabla ya kuja kwetu alikuwa amekwisha kuwaambia madereva wenzake sokoni kwamba duka letu linauza bandia, na kwa kuwa malalamiko ya aina hii hayakuwa ya kwanza kutufikia, tumeona ni vyema kueleza kwa maandishi yale ambayo kwa kawaida tunayaeleza mtu mmoja mmoja.

Tulimwomba mzee akae, tukazisafisha bushi zile, tukazitazama naye. Bomba la chuma la ndani lilikuwa zima, na ganda la nje lilikuwa zima pia. Raba iliyo katikati ndiyo iliyochanika, na katika bushi zote ilikuwa imechanika kwa kuzungushwa kuelekea upande uleule. Raba mbovu haifi hivyo, kwa sababu raba mbovu hulainika, huvimba au humeguka vipande kila mahali. Raba iliyokatika kwa mzunguko mmoja ni raba iliyofungwa ikiwa tayari imejikunja.

Watu wengi hudhani kwamba mkono wa gari huzunguka juu ya bolti kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Kwa bushi za aina hii sivyo. Ganda la nje hushindiliwa ndani ya mkono, bomba la ndani hubanwa na bolti lisisogee hata kidogo, na kila mara gurudumu linapopanda au kushuka ni raba peke yake inayojikunja na kurudi. Sasa fundi akilipandisha gari kwa jeki, mikono ikaning’inia chini, kisha akaikaza nati kabisa katika hali hiyo, bomba la ndani hushikwa mahali pasipo pake. Gari linapoteremshwa, raba hujikunja kabla hata ya kutoka gereji, na hubaki imejikunja mchana na usiku, gari likiwa limesimama au linatembea. Ongeza magunia ya viazi na barabara ya mashimo, na wiki sita ni muda mrefu kwa raba kuvumilia.

Ndiyo maana sisi tunapofunga bushi, tunazikaza nati kwa mkono tu gari likiwa juu, tunaliteremsha likanyage kwa magurudumu yake yote manne, tunalitikisa mara kadhaa ili likae katika kimo chake, na ndipo fundi anapolala chini yake kumalizia kukaza. Hapo chini nafasi ni finyu na spana huzunguka kidogo kidogo, kwa hiyo kazi huchukua takribani nusu saa zaidi. Mteja anapotuuliza kwa nini ufundi wetu ni ghali kuliko wa yule aliye kando ya barabara, sehemu ya jibu ni nusu saa hiyo. Fundi wa mzee yule si mtu mbaya wala si mvivu. Alikuwa na jeki moja, hakuwa na stendi za kuegemeza gari, na alikaza pale ambapo mkono wake ulifika. Tulimfungia mzee bushi nyingine, yeye akazilipia, na kazi hatukumtoza.

Lalamiko la pili tunalolisikia karibu kila siku ni kwamba tunauliza maswali mengi kabla ya kuuza. Mteja hupiga simu na kusema, “Nataka boljointi za Hilux,” yaani viungo vya duara vinavyounganisha mikono na gurudumu, kisha hukasirika tunapomwomba picha ya bamba la chesisi. Tunaomba radhi kwa usumbufu, lakini hatuwezi kuliacha swali hilo. Chukua Hilux za kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 1988, ambazo bado ni nyingi katika mashamba ya Molo, Njoro na Subukia. Ile yenye msimbo wa chesisi LN85 huendeshwa na magurudumu ya nyuma pekee, na mbele ina mikono ya juu na ya chini pamoja na toshenibaa, yaani chuma kirefu kinachojipinda badala ya springi. LN106, ambayo mtu akiitazama kwa haraka ni gari lilelile, ina ekseli nzima mbele juu ya springi za vyuma bapa kama za lori. Mikono haina, wala boljointi za mikono haina. Kinacholegea kwenye ncha za ekseli ile ni beringi za kingipini, yaani pale gurudumu linapogeukia, na kwenye springi ni bushi za shakoli, yaani vipande vinavyoshika ncha za springi. Tulimpokea mteja kutoka Kericho ambaye alikuwa ameagiza boljointi mara mbili kutoka duka jingine, akalipia mzigo kwa matatu mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa kwamba amepewa saizi isiyo yake, kumbe gari lake ni LN106 na spea aliyoitafuta haipo duniani.

Kwa Isuzu mambo ni hayo hayo. Gari ambalo wengi hapa huliita TFR kwa jina la jumla huweza kuwa TFR kweli, ambayo huendeshwa na magurudumu mawili, au TFS, ambayo huendeshwa na magurudumu yote manne, na spea za mbele hazilingani. Wazee wengi bado husema ni gari la GM, na hawakosei, kwa kuwa kampuni iliyoyaunganisha Nairobi ilikuwa General Motors East Africa kabla ya kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017. Jina la kampuni, hata hivyo, halitusaidii kuchagua boljointi. Namba ya chesisi hutusaidia, na ikiwa gari limewahi kubadilishiwa sehemu ya mbele, kama ilivyotokea kwa pikapu nyingi za umri huo, tunaomba pia spea ya zamani yenyewe au picha yake ikiwa imewekwa kando ya rula. Kwa Toyota namba ya spea kwa kawaida ina tarakimu kumi: tano za kwanza hueleza ni kitu gani na tano za mwisho hueleza ni cha gari lipi. Shokabu ya mbele, kwa mfano, huanza na 48510 au 48511. Anayekusomea tarakimu tano za kwanza tu amekuambia kwamba anayo shokabu, hajakuambia kwamba anayo yako.

Kuhusu spea zilizotumika kutoka Japani, hatuzipingi zote. Mkono wa chuma usiopinda, nako (chuma kinachobeba gurudumu kwenye mikono), hata toshenibaa ya upande sahihi, hivyo tunaviuza na kuvifunga bila wasiwasi, mradi tumevipima. Boljointi na bushi zilizotumika hatuuzi. Raba huzeeka hata ikikaa rafuni, na ndani ya boljointi hakuna anayeweza kuona.

Njia ya mkato inayotuhuzunisha kuliko zote ni ile ya kukaza toshenibaa. Pikapu ya zamani ikiinama mbele, fundi huingia chini, huzungusha bolti ya kurekebishia, na gari huinuka kwa dakika tano. Mwenye gari hufurahi na hulipa kidogo sana. Lakini gari halijapona. Mara nyingi limeinama kwa sababu bushi zimekwisha au toshenibaa yenyewe imechoka, na kuikaza hakuipi nguvu mpya, bali huiteremsha mikono ifanye kazi karibu na mwisho wake wa chini, huku boljointi ikilala kwa pembe isiyo yake. Mteja mmoja anayesomba mchanga huko Njoro alikuwa amekazisha mara tatu. Alikuja kwetu kununua tairi za mbele, jozi ya pili mwaka huohuo, zote zikiwa zimelika upande mmoja. Tulipoweka jeki chini ya mkono wa chini, mahali ambapo toshenibaa ya gari lile imeshikwa, na kuinua gurudumu kwa mtaimbo, boljointi ilicheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Alishangaa, kwa kuwa alikuwa ameikagua wiki iliyotangulia. Aliikagua akiwa ameweka jeki chini ya chesisi, na hapo toshenibaa huendelea kuubana mkono, ikaificha nafasi ile. Bei ya tairi nne alizomaliza ilizidi mbali gharama ya bushi, boljointi na ufundi ambao alikuwa ameukwepa.

Wapo pia wanaopeleka boljointi kugongwa ikaze. Kazi hiyo hatuifanyi kwa bei yoyote, hata kwa mteja wa miaka mingi, kwa sababu ikichomoka gurudumu hulala na dereva hana tena usukani.

Yapo mengine ambayo mteja hayaoni kwenye risiti. Isuzu TFR ina shimu, yaani visahani vyembamba, kati ya mkono wa juu na chesisi, na ndivyo vinavyoamua gurudumu lisimame wima kiasi gani. Tunazihesabu kwa kila bolti na kuzifunga kwa waya zikiwa na alama ya mahali zilipotoka, kwa kuwa zikichanganywa hata mashine ya alaimenti, yaani ya kunyoosha magurudumu, haitakuwa na pa kuanzia. Toshenibaa tunaitia alama ya rangi kabla ya kuitoa. Nati ya boljointi ikikosa kulingana na tundu la splitpini, yaani kipini kinachozuia nati isilegee, tunaikaza mbele hadi lilingane, hatuilegezi kurudi nyuma.

Ukija kwetu, njoo na logbuku au picha ya bamba la chesisi, usiitupe spea ya zamani, na utuambie ukweli kuhusu mzigo unaobeba. Ukitaka kununua spea ukafungiwe na fundi wako, hatuna kinyongo, na tutakuandikia kwenye risiti mahali gari linapotakiwa kusimama wakati nati zinakazwa. Mzee wa Mau Narok alirudi juzi ili tukague nati zake, kazi ambayo hatuitozi. Alikuja na fundi wake, na kijana yule alilala chini ya gari pamoja na wetu akatazama kila nati.