Barua kwa mpwa wangu anayekuja kufundisha sayansi Malindi

Mpwa wangu,

Mama yako ameniarifu kwamba umepangiwa shule huku kwetu, Kemia na Fizikia. Alhamdulillahi, nimefurahi mno. Nakuandikia hadharani ili wenzako walioajiriwa karibuni nao wasome.

Ombi langu ni moja: watoto washike vifaa tangu mwaka wa kwanza.

Nimewahi kufundisha shule ambako kabati la maabara lilikaa na kufuli mpaka mtihani wa KCSE, wa mwisho wa sekondari, ubishe hodi. Karatasi ya tatu, ile ya vitendo, ina alama 40, na watoto wale waliiendea wakiwa wameiona bureti, bomba la kioo la kupimia kimiminika, kwenye picha tu. Wengi waliisoma kutoka chini kwenda juu kama silinda ya kupimia, kumbe sifuri ya bureti iko juu. Wengine walisimama wakachungulia kutoka juu badala ya kushusha jicho likalingana na maji. Mmoja akaandika 24.3, kisha safari ya pili 24.25, desimali hazilingani. Watoto wale walikuwa na akili zao timamu. Walichokosa ni mazoea ya mkono. Iliniuma sana.

Kemikali zikikosekana, usifunge maabara. Fenoftalini, ile dawa ya kubadili rangi kwenye besi, ikiisha, manjano yako jikoni. Kila mama hapa anajua kanzu iliyodondokewa mchuzi: ukiipaka sabuni, doa la njano hugeuka jekundu. Loweka manjano kwenye spiriti, chovya vipande vya karatasi, vianike. Dondoshea maji ya sabuni, karatasi inakuwa nyekundu. Kamulia ndimu, unjano unarudi. Waachie wajaribu wenyewe magadi, siki, maji ya ukwaju, halafu ndipo uandike ubaoni asidi na besi.

Ukifika mada ya kutenganisha michanganyiko, omba ruhusa uwapeleke kwenye mashamba ya chumvi, Gongoni au Marereni. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali. Jua na upepo vikiyapunguza maji, jasi hutangulia kutua, chumvi ya kula hufuata, na mwisho hubaki maji machungu yenye magnesiamu. Utapata wanafunzi ambao wazazi wao wanafanya kazi hukohuko. Wape nafasi waeleze, wewe sikiliza.

Na Fizikia je? Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka San Marco, jukwaa la kurushia roketi baharini hapo Ngomeni, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu. Waulize wanafunzi kwa nini hapa. Waache wabishane, kisha mkokotoe pamoja: karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki huondoka na kasi hiyo tayari, tena mbele yake ni bahari tupu.

Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wanafuata njia walizochagua: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Nawahofia hasa mabinti, wanaoacha sayansi kabla hawajawahi hata kuwasha kichomeo cha Bunsen. Vikundi vikiwa vikubwa, wavulana ndio hushika, wasichana huandika. Wazungushe kila kipindi.

Siku ya kwanza, ukishamwamkia mwalimu mkuu, mtafute fundi wa maabara mhesabu vilivyomo kabatini. Nitumie orodha. Vitakavyopungua tutavitafuta pamoja.

Mjomba wako